Koti Lililongoja Mahafali

Ngoja niseme mapema, maana mtaani kwetu kila mwenye mdomo ana lake: mdogo wangu hakufeli. Ule mtihani wa takwimu uliomweka chuoni mwaka hadi mwaka, wenzake wakioa na kuota vitambi, hakuufeli hata mara moja. Hakuufanya. Na baba yetu, fundi cherehani aliyemshonea suti ya mahafali kwa mikono yake mwenyewe, aliondoka duniani bila kulijua hilo.

Jina alilopewa analo, ila tumeshalisahau. Ni Spoku. Tangu utotoni alikuwa mwembamba kama spoku ya gurudumu, miguu mirefu, na hakuna baiskeli iliyoegeshwa mbele ya duka letu ambayo hakuinama kuichungulia. Mteja anaingia kupimwa suruali, akitoka anakuta cheni imetolewa na mtoto ana grisi mpaka puani. Baba alimchapa, akachoka, mwishowe akaanza kumpa bisibisi.

Usitegemee mambo makubwa. Ni mtu wa kawaida kabisa. Siku hizi yuko kampuni ya bima, kwenye kaunta, anasikiliza waliogonga na waliogongwa, na wote wanamwambia kosa si lao. Jumamosi anakuja dukani kwangu, duka lilelile la baba, anakaa kwenye stuli ya baba na kunywa chai. Hasemi sana. Zamani alikuwa mtu wa maneno, tena ukimgusia baiskeli hutoki mapema. Hayo yote yamekwisha, na nikimtazama roho inaniuma.

Duka lenyewe ni chumba kimoja na baraza. Kuna mlango wa mbao wa kukunja, cherehani mbili, meza ya kukatia iliyoungua kona moja kwa pasi, na nyuma ya pazia kuna kitanda alichohamia baba baada ya mama kufariki. Mimi, dada yake mkubwa, nilikulia kwenye cherehani ya pili. Spoku alikulia sakafuni, kwenye vifungo. Shule zikikaribia kufunguliwa wazazi walikuwa wanatuvamia wote kwa pamoja, utadhani wameambiwa asubuhi hiyo kwamba watoto huvaa sare, na baba alikuwa hawezi kumrudisha mtu. Kwa hiyo shule zikifunguliwa, mtoto wa fundi hayupo darasani. Yuko chini ya meza na bati la vifungo na rundo la mashati, anawashonea wenzake ili wao wakasome.

Alikuwa na tabia moja ya kuudhi. Kabla hajatia uzi kwenye sindano anatazama rundo, anatazama bati, halafu anatangaza kwamba vifungo vya bluu havitatosha. Baba anamwambia ashone kwanza, aache uchuro. Jioni mimi ndiye natumwa mbio kwenda kununua vifungo vya bluu. Siku moja mwalimu wake wa hesabu alikuja kulalamika kwamba mtoto anakosa masomo ya mwanzo wa mwaka, yale ya msingi. Baba akampima, akamshonea suruali, malalamiko yakaisha. Tulicheka sana siku ile. Baba naye alicheka, lakini kumbe lile neno la mwalimu lilimwingia na halikutoka.

Spoku akafika chuo kikuu hivyo hivyo, kwa kudandia. Baba alitembea na hiyo habari mtaa mzima, futikamba shingoni, kila anayemsalimu anaambiwa. Waliokuwa wamesikia jana wakaambiwa tena leo.

Chuo kiko mlimani. Mabweni yako chini, maktaba na kumbi za mihadhara ziko juu, na kati yake kuna mwendo wa kukutoa jasho. Mwanafunzi akishashuka, hapandi tena. Jioni kila mtu amejifungia chumbani kwake. Nyuma ya mabweni kulikuwa na rundo la baiskeli zilizotelekezwa na waliohitimu, zimeota kutu, majani yamepita katikati ya magurudumu. Wengine waliona takataka. Mdogo wangu, wewe unamjua sasa, macho yake yalinasa hapo hapo.

Mwaka wake wa pili chuo kikatangaza ruzuku kwa miradi ya wanafunzi: mwenye wazo la kufanya maisha ya pale chuoni yawe na raha zaidi alilete, akikubaliwa atapewa vifaa na mahali. Wenzake walikwenda mbele ya jopo na karatasi zilizochapwa vizuri, huyu anataka kikundi cha maigizo, yule bustani, mwingine gazeti. Spoku aliingia na baiskeli mbovu begani, akaipindua matairi juu kwenye zulia la watu, akawa anaeleza huku anaitengeneza. Alipomaliza kueleza, gurudumu lilikuwa linazunguka. Mwenyekiti wa jopo, mama mmoja wa ofisi ya wanafunzi, alilalamikia zulia lake kwanza, kisha akampa ruzuku.

Wakampa spana, pampu, rangi na chumba cha zamani cha jenereta, kikawa karakana. Utaratibu aliouweka ulikuwa wa kwake peke yake. Baiskeli zote ni za wote: unachukua moja bwenini, unaiacha maktaba, mwingine anaondoka nayo. Ikikuharibikia humpelekei fundi. Unakuja karakana, unaitengeneza mwenyewe, na aliyekaa karibu nawe anakuonyesha namna. Nilikwenda siku moja kuwapelekea aproni nilizowashonea, nikakuta vijana wa sheria na wa udaktari wamekaa chini wanabishana juu ya breki, mabinti wawili wanavunjika mbavu kwa sababu wamefunga usukani kinyume, na kijana mmoja ambaye niliambiwa alikuwa hajazungumza na mtu tangu aje chuoni anaziba pancha na kupiga domo kuliko wote. Mdogo wangu alikuwa katikati yao, mikono myeusi. Sijawahi kumwona amefurahi vile, si kabla wala baada. Kwa hiyo mtu asiniambie mradi ule ulikuwa upuuzi. Haukuwa.

Tatizo lilikuwa sharti. Ruzuku ilitolewa kwa mwaka mmoja mmoja, na kiongozi wa mradi lazima awe mwanafunzi. Ukihitimu unampisha mwingine. Ni sharti la maana kabisa, na mtu mwenye akili zake angeanza mapema kumwandaa wa kumwachia. Spoku akatazama huku na huku, akaona hakuna. Huyu mvivu, yule mropokaji, na yule binti waliyemwita Katibu, aliyekuwa anatunza funguo na kuwaandikia taarifa, akamwona mpole mno, bado mdogo. Hakumuuliza hata mmoja wao. Alijiamulia peke yake kwamba akiondoka karakana itafungwa na baiskeli zitarudi kwenye majani. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo alipopotea.

Mwaka wa mwisho baba alinunua kitambaa cha bluu iliyokolea na bitana ya hariri, vitu ambavyo hata wateja wetu wa harusi walikuwa wanavitazama tu. Akashona taratibu, mlango umefungwa nusu, na mimi sikuruhusiwa hata kugusa pasi. Suti ilikuwa ya mahafali, na haitavaliwa kabla ya siku yake, ndivyo alivyosema. Wakati huo huo, asubuhi ya mtihani wa takwimu, wenzake wanaingia ukumbini, mwanawe alikwenda karakana akafunga breki za baiskeli ambayo wala haikuwa na haraka. Somo lile ni la lazima na mtihani wake huja mara moja kwa mwaka. Ukiukosa unaandikishwa tena kwa somo hilo moja, na mwaka mzima unaofuata wewe bado ni mwanafunzi.

Nyumbani alikuja akasema kuna karatasi moja imemkwama. Baba akasema basi mwakani, akaifunika suti kwa shuka na kuitundika ukutani juu ya cherehani yake.

Mwakani ikawa ile ile. Na iliyofuata. Kila mwaka, mahafali yakikaribia, baba alimwita Spoku ajaribu suti, kwa sababu mwili haukai palepale. Aliifumua mabegani, akaishusha pindo, akasogeza vifungo, halafu karatasi inakwama tena na suti inarudi ukutani. Wateja waliuliza ni ya nani, naye akajibu kwamba ni ya msomi wake, anasoma mambo mazito, hayaishi upesi. Mama mmoja mpiga umbea akauliza kama huyo msomi hajageuka mlinzi wa chuo. Nilikuwa nampima gauni wakati huo, na namshukuru Mungu nilikuwa nimeshika futi na si mkasi. Baba alitabasamu tu. Alikuwa anakufa na tai shingoni, mzee wa watu, na mimi nikadhani anaficha aibu ya mtoto aliyefeli. Sikujua kwamba aibu aliyokuwa anaificha ni ya kwake mwenyewe.

Huko chuoni Spoku alishakuwa mtu mzima kati ya watoto. Wanafunzi wapya walimwamkia shikamoo. Alikuwa anaijua kila baiskeli kwa mlio wake, na anakasirika mtu akihamisha kopo la grisi. Mwenyewe aliona analinda kitu. Alikuwa na nia njema, hilo nitamtetea mpaka kesho, lakini nia yake njema ilikuwa ina masikio yaliyotiwa pamba.

Kisha baba akaugua kifua. Kwanza alikuwa anapumzika kati ya mshono na mshono, baadaye akawa hawezi kutunga uzi kwenye sindano, mikono inatetemeka, na hatimaye akawa anakaa nyuma ya pazia akisikiliza cherehani yangu na kunikosoa kwa mlio tu. Daktari alitwambia tumpe raha. Ukishaambiwa hivyo, huna haja ya kuuliza zaidi.

Alasiri moja Spoku alikuja kumwona. Baba akataka suti. Niliishusha, Spoku akaivaa, akasimama mbele ya kitanda, na baba akampapasa mshono wa bega mpaka kwenye pindo la mkono, kama anavyofanya fundi akitafuta kosa. Mimi nilikuwa kwenye mashine, pazia liko wazi. Baba akamshika mkono.

"Mwanangu, uniwie radhi," alisema. "Nilikuweka chini ya meza wakati wenzako wanafundishwa hesabu. Mwalimu alikuja akaniambia, nikamshonea suruali. Huo mtihani unaokushinda kila mwaka ni mimi niliyekushindisha."

Nikaacha kukanyaga pedeli. Sikuwahi kumsikia baba akimwomba radhi mtu yeyote, hata mteja aliyeunguziwa shati. Spoku alikuwa amegeuka rangi. Akapiga magoti ndani ya ile suti, kitu ambacho siku nyingine kingemfanya baba apige kelele.

"Baba, hesabu zangu ni nzuri. Haki ya Mungu ni nzuri. Sikushindwa kwa sababu yako."

Baba akacheka kidogo, kikohozi kikamkatisha. "Ndivyo ulivyo siku zote," alisema, "una moyo mzuri. Hutaki niondoke na mzigo." Akampigapiga mkono, akafumba macho.

Nilimfuata Spoku barazani. Alikuwa ameegemea nguzo, suti bado mwilini, na hapo ndipo aliponieleza yote: mtihani, breki, karakana, sharti. Alisema harakaharaka, bila kuniangalia. Hasira zikanipanda. Miaka yote mzee anafumua na kushona, anafumua na kushona, kumbe mtu yuko mzima, mtihani uko pale, na mlango wa ukumbi uko wazi.

"Rudi ndani ukamwambie," nilisema. "Sasa hivi. Mwambie ulivyoniambia mimi."

Akaniuliza amwambie nini, kwamba alimwacha asubiri kwa sababu ya baiskeli? Alidhani hilo lingemuua kabla ya kifua. Mtihani ulikuwa umebakiza kama mwezi hivi. Alisema ataufanya, ataleta matokeo, atasimama mbele ya baba na joho juu ya suti, na baba akiona hivyo mzigo utamtoka bila kuhitaji kuambiwa kitu. Nilitaka kumburuta kwa kola. Lakini neno lilikuwa lake, si langu, na machozi yalikuwa yanamtoka. Nikamwacha.

Kesho yake alikwenda karakana kukabidhi. Alijiandaa na hotuba, maskini, anadhani watalia. Aliwaambia kwamba mwaka huu anahitimu, na kwamba anajua itakuwa vigumu lakini wasikate tamaa. Wakatazamana. Katibu, yule binti mpole, sasa yuko shahada ya pili, akamwuliza kwa heshima kama wanaweza kumwonyesha kitu, akamtoa nje, akamwonyesha sehemu waliyoichagua ya kufungua karakana ya pili upande wa maktaba, nani atashika zamu gani, nani atakwenda mbele ya jopo. Walikuwa wameyapanga tangu mwaka juzi.

"Mbona hamkuniambia?" aliuliza.

"Tulikuonea haya, kaka," Katibu alimjibu. "Tulidhani wewe ndiye huna pa kwenda."

Alinieleza hayo akiwa amekaa kwenye ngazi ya duka, na mara mbili alirudia maneno ya yule binti, kana kwamba ni ya lugha nyingine. Siku nyingine ningemchekea, ningesema nilikwambia, ijapokuwa sikuwahi kumwambia.

Mtihani akaufanya. Alitoka huko moja kwa moja mpaka kwa baba, akainama sikioni kwake akamwambia kwamba safari hii amefaulu, ana hakika, ni matokeo tu yanasubiri kikao cha chuo. Nilikuwa nimemkalisha baba kwa mito. Akamtazama kwa huruma ambayo sitaisahau, huruma ya mzazi anayemsikiliza mtoto akijipa moyo.

"Hata usipofaulu, usijali," alisema. "Koti lipo."

Alifariki wiki iliyofuata, mchana, mimi nikiwa nakata suruali ya mtu. Cherehani ilikuwa imenyamaza na nikashangaa mbona hanigombezi kwa kuinyamazisha. Tulimzika, watu wakaja wakaondoka, duka likakaa limefungwa, Spoku akalala sakafuni chini ya meza ya kukatia, mahali pake pa utotoni, na hakuna aliyethubutu kumwinua.

Matokeo yalitoka baadaye. Alikuwa wa kwanza darasani, wa pili yuko mbali. Mtu mwingine angeniambia habari hiyo ningepiga vigelegele mpaka majirani watoke. Yeye aliniambia kama mtu anayetaja siku aliyopata ajali.

Siku ya mahafali nilipiga pasi ile suti kwa mara ya kwanza na ya mwisho, maana aliyekuwa ananikataza hayupo. Ilimkaa vizuri kuliko mavazi yote aliyowahi kuvaa, bega limelala, mkono umefika pale pale. Nilikaa kwenye viti vya wazazi. Kiti cha pembeni yangu nilikiwekea mkoba wangu, na kila aliyeuliza kama kina mtu nilimjibu kina mtu. Walipolitaja jina lake, lile jina tulilolisahau, nilichelewa kupiga makofi kwa sababu sikulitambua. Nje, wanafunzi walikuwa wanashuka mlima kwa baiskeli, wengi kuliko zamani, zimepakwa rangi mpya. Hakuna aliyesimama kumsalimu. Walikuwa wa mwaka mpya, hawakuwa wanamfahamu.

Juzi Jumamosi alikuja kama kawaida, akanywa chai yake, halafu kwa mara ya kwanza akaanza kuzungumza bila kuulizwa. Alisema siku ile ya mahafali mwalimu wa takwimu alimvuta pembeni, akamshika bega la suti, akamwuliza hesabu vile alifundishwa na nani, kwa sababu miaka yote ya kufundisha alikuwa hajamwona mwanafunzi anayetazama rundo la vitu akajua kitakachopungua kabla ya kuanza kuhesabu.

"Nikamjibu bila kufikiri," Spoku alisema. "Nikamwambia nilijifunza kwa baba, chini ya meza, kwenye vifungo."

Akaweka kikombe chini. Barazani mtu alikuwa anasubiri kupimwa, nikamwashiria akae.

"Dada, mbona siku ile sikumwambia hivyo?"

Kulikuwa na mashati ya sare mezani, shule zinakaribia kufunguliwa. Nikamsogezea rundo pamoja na lile bati, naye akatazama rundo, akatazama bati, na safari hii hakusema kitu. Akachukua sindano, akaanza kushona.